Mlango wa Mgeni Rasmi

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa Jumapili, siku ambayo wafanyakazi wake wanapumzika. Basi tuiite hivyo hivyo, nchi yetu. Msomaji akihisi namsema jirani yake, au namsema yeye, shauri yake. Mimi ni Mwandishi wa Hotuba Daraja la Pili katika Wizara ya Usalama Kazini na Utulivu wa Nafsi, na sina tabia ya kumsema mtu.

La kwanza ieleweke kwamba kwetu hakuna ajali kazini. Zilikuwepo zamani, zikafutwa kwa tangazo lililosomwa redioni baada ya taarifa ya habari na kabla ya muziki. Siku hizi mtu akikatwa kidole na mashine, kidole hicho kimestaafu. Akianguka kutoka ghorofani, ameshuka bila ngazi. Wageni wanaokuja kujifunza kwetu huondoka kimya, wamekumbatia mikoba yao, nasi tunajua wameguswa.

Siyo kwamba hatukagui. Tunakagua kwelikweli! Kila mwezi mkaguzi hupanda gari moshi, huenda kiwandani, huona kwa macho yake, huandika alichokiona, hurudi. Kisha maandishi yake hupelekwa kwa mjazaji, ambaye kazi yake ni kujaza fomu ya ukaguzi. Kuna watu wa nje huuliza kwa nini mkaguzi asijaze mwenyewe. Ala! Hilo limekatazwa na Kanuni ya Macho: aliyeona asijaze, kwa sababu ameshaona, na mtu aliyeona huwa na upendeleo. Mjazaji lazima awe mtu ambaye hajawahi kukanyaga mahali hapo wala hana mpango wa kupakanyaga. Jina la kiwanda hukatwa kwa mkasi kabla karatasi hazijamfikia. Hapo ndipo fomu hutoka safi.

Na ili macho ya mkaguzi yasimwambukize mjazaji, karatasi hupitishwa kwenye kidirisha chenye pazia la kijani. Mkono unaingia na karatasi, mkono mwingine unapokea, imetosha. Miaka yote niliyofanya kazi pale sikuwahi kuiona sura ya Mzee Chiponde, mkaguzi wa kanda ya reli. Nilikijua kikohozi chake tu.

Fomu ina maswali mengi na kila swali lina visanduku vitatu: Ndiyo, Ndiyo Kabisa, na Ndiyo, Mchakato Unaendelea. Kilikuwepo cha nne. Kikamliza shemeji ya mtu fulani, mwenye kiwanda cha misumari, akalala njaa siku mbili, na fomu zikachapishwa upya. Sisi tuliambiwa ni kupunguza gharama za wino.

Mjazaji wetu aliitwa Tunu Msangule. Meza yake ilitazamana na yangu, na nasema bila kumpamba kwamba hajapata kutokea mjazaji kama yule. Mkaguzi akiandika kuwa paa linavuja, Tunu alikwenda kwenye swali la maji ya kuzimia moto akaweka tiki: yapo, tena yanatoka juu. Mkaguzi akiandika kuwa mashine zimewatia watu uziwi, Tunu alitafuta swali la kama wafanyakazi wanasumbuliwa na kelele, akathibitisha kuwa hawasumbuliwi kabisa. Wakubwa walikuwa wakija kusimama nyuma ya kiti chake kumtazama. Yeye mwenyewe hakuwa akifurahi, tusimsingizie. Kila alipomaliza fomu alikwenda bombani kunawa mikono, na alikuwa akinawa mpaka mtu anayesubiri bomba anaanza kuguna.

*

Asubuhi moja mkono wa Mzee Chiponde ulipitisha karatasi, Tunu akaketi, akaanza kusoma huku anakoroga chai. Kijiko kikasimama.

“Kaka,” aliniambia, “hebu sikiliza hii.”

Alisoma kwa sauti ya chini. Kiwanda cha magodoro. Chumba cha kushonea, wanawake wengi wamebanana, madirisha yana nondo. Mlango wa kuingilia unapita stoo ya sponji. Mlango wa dharura, unaotokea uani, umefungwa kwa nje kwa mnyororo na kufuli. Meneja anasema ni kuzuia wizi wa sponji. Ufunguo uko kwa meneja. Meneja hayupo. Mtungi wa kuzimia moto ni mmoja, uko uani, na umefungiwa mbuzi wa meneja anayeitwa Profesa.

“Mbona kawaida?” nikasema. “Mbuzi kapata pa kujishikiza. Weka Ndiyo, Mchakato Unaendelea, tunywe chai.”

“Profesa namjua,” Tunu akasema. “Mdogo wangu Sikudhani hunichekesha habari za mbuzi huyo kila akipiga simu. Hiki ni kiwanda cha Relimwisho. Anashonea humo.”

Relimwisho ni mji wetu wa mbali kabisa, pale ambapo waliojenga reli walichoka. Gari moshi hufika huko siku ya pili, likijisikia. Tunu alizaliwa huko, na mama yao bado anaishi huko na huyo Sikudhani, kitinda mimba wake.

Aliinuka akaenda kwenye kidirisha. Sikumzuia, ingawa kulizungumzia pazia ni kosa.

“Mzee, samahani. Huo mlango wa uani…”

Kikohozi. “Mwanangu, mimi nimeruhusiwa kuandika. Kusema sijaruhusiwa.”

“Mdogo wangu yumo humo, mzee wangu.”

Kikohozi tena. Kisha sauti ikaja, chini chini. “Mlango wenyewe ni wa mbao, umeoza huku chini. Siku ya siku, wakisaidiana, wanaweza kuubomoa kwa mabega. Lakini sponji ile, mwanangu, inawaka haraka sana. Ukinisikiliza mimi, mwambie aache kazi. Leo.”

*

Tunu alikuwa mtumishi wa umma mwaminifu, kwa hiyo alianza kwa kufuata utaratibu. Alijaza fomu kama inavyotakiwa, kisha pembeni, mahali pasipo na swali, akaandika kwa mkono: Mlango umefungwa kwa mnyororo. Moto ukitokea watu watakufa.

Baada ya saa moja aliitwa na Mkurugenzi, Dokta Zephania Kitwangu, na mimi nikaitwa nikaandike kumbukumbu. Dokta Kitwangu ni msomi. Alipata udaktari wake kwa utafiti kuhusu umuhimu wa utafiti. Alikuwa ameishika fomu kwa ncha za vidole.

“Bi. Tunu,” alianza, “nchi hii imetoka mbali. Wazee wetu hawakuwa na fomu. Waliishi, walikufa, hakuna aliyejua kama walikuwa salama. Leo tuna fomu, na fomu hiyo ina pambizo, na pambizo hilo limeachwa jeupe kwa makusudi, ili fomu ipumue. Wewe umekwenda kuiziba pua.”

“Mheshimiwa, kuna watu humo ndani.”

“Hapa umeandika ‘watu watakufa’. Huu ni utabiri. Utabiri ni kazi ya Idara ya Hali ya Hewa. Una leseni?”

“Sina, mheshimiwa. Lakini mlango una mnyororo.”

“Ahaa!” Mkurugenzi alitabasamu akanigeukia, niandike vizuri. “Swali la kumi na mbili: je, mlango wa dharura una vifaa vya usalama? Mnyororo ni kifaa. Kufuli ni kifaa. Wewe umeweka Mchakato Unaendelea. Mchakato gani tena, bibie? Hapo ni Ndiyo Kabisa! Unawadhulumu wenzako wa Relimwisho. Nenda kajaze upya, na unipe kitu cha kujivunia.”

Tulitoka. Tulipofika kwenye ngazi Tunu akasimama, nikadhani analia. Kumbe alikuwa anafikiri.

“Kaka,” akaniambia, “kiwanda kikipata Ndiyo Kabisa kila swali, kinafanywa nini?”

“Kinapewa Nishani ya Usalama. Hakijapata kutokea, hata wewe huwa unabakiza maswali mawili matatu kwa aibu. Lakini kikitokea, Mlezi wa Taifa anakwenda kukikabidhi mwenyewe.”

Sote tunajua mambo yanavyokuwa Mlezi wa Taifa akienda mahali. Barabara ambazo hazijawahi kuona lami zinaiona usiku mmoja. Miti inapandwa ikiwa mikubwa. Wagonjwa wanapata shuka, na wale wasiopendeza wanapona ghafla wanarudishwa makwao. Kwa miaka mingi hakuna kitu kilichotengenezwa nchini kwetu isipokuwa kwenye njia anayopita yeye, na ndiyo maana kila mkoa unamwomba Mungu Mlezi augue maradhi yanayotibiwa mkoani humo.

“Akija,” Tunu akasema, “si lazima mlango ufunguliwe?”

“Dada Tunu,” nikamwambia, na nilimaanisha, “wewe ni kichwa.”

Alirudi mezani akajaza fomu ile kwa wino mzito. Ndiyo Kabisa, juu mpaka chini. Mbuzi alimwingiza kwenye swali la ulinzi. Jioni alimpigia mdogo wake, nami nilikuwepo, nilikuwa nasubiri anipe lifti ya mwavuli maana mvua ilikuwa inanyesha.

“Sikudhani, bado unataka kuacha kazi hiyo?”

“Mwisho wa mwezi huu, dada. Kifua kimenishinda, na ule mlango unanipa ndoto mbaya.”

“Subiri kidogo. Usiache sasa, utapata wapi kazi nyingine? Huo mlango nitaufungua mimi, kutoka hapa hapa nilipo.”

Sikudhani akacheka. Alikuwa na kicheko cha kusikika hadi nje ya simu. “Haya dada, wewe ndiye mkubwa. Nasubiri.”

*

Mambo yalikwenda mbio ambazo wizara yetu haijawahi kuzijua. Fomu ilipanda ghorofa hadi ghorofa, kila aliyeipokea akatoa machozi. Redio ikatangaza kwamba dunia nzima sasa italala kwenye magodoro ya Relimwisho. Mlezi wa Taifa alikubali kwenda, na ratiba ikachapishwa kwenye karatasi yenye dhahabu pembeni: ataufungua rasmi mlango wa dharura, atakabidhi nishani, atapewa maua, atahutubia. Hotuba niliambiwa niiandike mimi. Niliiita “Furaha ya Usalama”.

Sikudhani alipiga simu mchana, kwa furaha. Tunu akaweka spika ili nami nisikie.

“Dada, usingeijua Relimwisho! Wamepaka chokaa hadi mawe. Profesa ameogeshwa, kafungiwa utepe shingoni. Mtungi wamempa wa kwake, wamenunua mwingine wa kuonyesha. Na ule mlango, dada, wameuondoa!”

Tunu alifumba macho akashusha pumzi. Nakumbuka alivyonishika mkono pale juu ya meza.

“Wameuondoa,” Sikudhani akaendelea, “wameweka wa chuma. Mzito huo! Umeletwa na lori. Meneja kasema mlango wa mbao uliooza hauna hadhi ya kufunguliwa na mgeni rasmi.”

Tunu akaniachia mkono. “Unafunguka?”

“Utafunguka akija mgeni.”

“Sasa hivi, Sikudhani. Sasa hivi unafunguka?”

“Hapana, umefungwa kwa ufunguo wa rangi ya dhahabu, na ufunguo umepelekwa huko kwenu kwenye mto wa mahameli. Nje wamefunga utepe na kuweka askari wawili wanaulinda. Tulimwomba meneja auache wazi mpaka siku yenyewe, akatufokea. Eti ukifunguliwa kabla utakuwa umeshatumika, na mgeni rasmi hafungui mlango uliotumika.”

Tunu alimwambia atoke. Alimwambia waziwazi, mbele yangu: acha kazi, leo, vua aproni uende nyumbani kwa mama. Sikudhani akacheka tena.

“Dada, unanitania? Tumeshapimwa sare, anayeacha kazi sasa ataambiwa amemsusia Mlezi. Halafu mimi ndiye nimechaguliwa kumpa maua! Mama kashamwambia mtaa mzima. Siku tisa tu zimebaki. Si ulisema mwenyewe nisubiri?”

*

Siku tisa zilipita na Mlezi hakwenda, kwa kuwa zulia lililotakiwa kutandikwa lilikuwa jekundu la mpauko. Tarehe ikasogezwa. Ikasogezwa tena, akawa na mafua. Ikasogezwa mara ya tatu kwa sababu kulikuwa na kisima mahali fulani kilichotakiwa kuzinduliwa kwanza, kisije kikakauka.

Ufunguo ulikaa kwenye ukumbi wa wizara yetu, ndani ya kisanduku cha kioo, juu ya mto wake. Watumishi wakipita walitakiwa kupunguza mwendo. Tunu hakupunguza mwendo, alikuwa akisimama kabisa. Alikonda. Alikwenda kwa Mkurugenzi kuomba ufunguo urudishwe Relimwisho kwa muda, uazimwe tu, hata kwa hati.

“Bi. Tunu,” alijibiwa, “huko ni kumvua nguo mgeni rasmi hadharani. Kiwanda kile ndicho salama kuliko vyote nchini. Nani amesema? Umesema wewe, kwa tiki zako, na nakala ninayo. Sasa unataka kutuambia ulitudanganya?”

Alirudi akakaa. Nilimuuliza kama ningeweza kumsaidia, akasema nimwandikie Mlezi hotuba fupi ili safari isiwe ndefu. Basi nikapunguza kurasa mbili. Kwa upande wangu hilo lilikuwa tendo kubwa, maana tunalipwa kwa ukurasa.

*

Simu ya Relimwisho ililia ofisini kwa Mkurugenzi asubuhi, wakati wa chai. Nilikuwa humo nimepeleka hotuba isainiwe. Tunu alikuwa mlangoni na mafaili. Mkurugenzi aliweka spika, kwa kuwa alikuwa na andazi mkononi.

“Mheshimiwa, huku ni koplo wa ulinzi wa mlango, Relimwisho. Kuna moto, mheshimiwa. Stoo ya sponji inawaka, wale wa kushonea hawawezi kupita mbele. Wanagonga huku kwenye mlango. Naomba ruhusa ya kukata utepe.”

Dokta Kitwangu aliliweka andazi chini polepole. “Koplo, utepe unakatwa na mgeni rasmi.”

“Naelewa, mheshimiwa. Ila wanagonga sana.”

“Subiri kwenye laini. Hili ni jambo la kikao.” Na akaanza kutafuta kalamu, jamani, nilimwona kwa macho yangu akitafuta kalamu, anauliza wajumbe wa Kamati ya Itifaki wako wapi, na kama makamu anaweza kukata utepe kwa niaba, na kama niaba hiyo inahitaji barua. Kwenye spika, nyuma ya sauti ya koplo, tulikuwa tunausikia ule mlango.

Tunu aliangusha mafaili akapiga kelele juu ya meza: “Koplo! Mimi ni Katibu Mkuu! Kata utepe, vunja mlango, sasa hivi!”

“Ndiyo mheshimiwa!” Kikafuata kishindo, kingine, kingine. Kisha koplo akarudi anahema. “Mheshimiwa, utepe umekatika. Mlango ni wa chuma. Tumepiga kwa vitako vya bunduki. Hauna hata mkwaruzo.”

Tunu alishuka ngazi mbio, nami nyuma yake. Alipofika ukumbini alinyanyua kiti cha mlinzi akakivunja kile kioo, akauchukua ufunguo. Hapo ndipo simu yake ikaita. Alikuwa anatokwa damu kiganjani, kwa hiyo mimi ndiye niliyeibonyeza na kumwekea sikioni, na ndiyo maana nilisikia.

“Dada, ufunguo uko wapi?”

“Ninao,” Tunu akasema. “Ninao hapa, Siku. Ninao mkononi.”

“Basi fungua, dada.”

Gari moshi la Relimwisho huondoka jioni. Tunu alibaki amesimama katikati ya vioo, ufunguo mkononi, simu sikioni, akiita jina la mdogo wake mpaka simu haikuwa na mtu wa kuitwa. Sijui niseme nini hapa. Mimi ni mwandishi wa hotuba, na maneno yote niliyofundishwa yalikuwa ya kupokelea wageni. Walipokuja kumnyang’anya ufunguo ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja.

*

Tangazo la serikali lilisema kuwa katika zoezi la majaribio ya uimara wa mlango, wafanyakazi wachache hawakufanikiwa kushiriki hadi mwisho. Wachache hao walihitaji malori mawili. Waliotoka ni wale ambao wenyeji wa Relimwisho waliwavuta dirishani, baada ya kung’oa nondo kwa gari la kukokota miwa, bila kibali.

Tulidhani ziara imevunjwa. Lakini ratiba ilikuwa imeshachapishwa kwa dhahabu, mafua yalikuwa yamepona na kisima kilikuwa kimeshakauka, kwa hiyo wiki iliyofuata Mlezi wa Taifa akaenda. Mimi niliambiwa niitengeneze hotuba iendane na hali. Nilibadilisha neno moja, “furaha” likawa “majonzi”, na ikasomeka vizuri sana. Hilo limenisumbua tangu siku ile: kwamba ilisomeka vizuri.

Nilikuwepo. Paa la chumba cha kushonea lilikuwa limeanguka, kuta zimekuwa nyeusi, na katikati ya ukuta wa uani mlango wa chuma umesimama, umepakwa rangi upya, umefungwa utepe mwingine. Wafiwa waliketi mstari wa mbele chini ya turubai wakiwa wamevaa sare zilizoshonewa sherehe. Mama yake Tunu alikuwa amevaa ile ya Sikudhani, ilimbana mabegani. Tunu aliketi pembeni yake. Hakuwa ameshtakiwa, maana mtu aliyevifanya viwanda vyetu kuwa salama hivyo hawezi kuwa amevunja kioo.

“Ndugu wananchi,” alisema Mlezi wa Taifa, “moto umekuja, moto umeondoka, mlango upo! Nani tena atasema vitu vyetu si imara?”

Akashangiliwa. Akakata utepe. Akaletewa ufunguo kwenye mto wake, akauingiza, akauzungusha kwa vidole viwili, na mlango ukafunguka bila hata kulia bawaba. Ndani kulikuwa na majivu, na mashine za kushonea zimepinda.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. “Na sasa, mheshimiwa mgeni rasmi, utatoa cheti kwa Mjazaji Bora wa Taifa, ambaye ndiye aliyejaza fomu ya kiwanda hiki, na ambaye bila yeye tusingekuwa hapa leo. Bi. Tunu Msangule!”

Mama yao aligeuka. Tunu hakuwa amemwambia. Angemwambiaje?

“Ni wewe?” mama akauliza.

“Mama, nilitaka wafungue.”

“Uliwaandikia uko wazi?”

Yule mama akamtazama, kisha akainuka, akapita mbele ya waheshimiwa bila kuwasalimu, akaenda hadi mlangoni. Walinzi hawakujua la kufanya, ratiba haikumtaja. Aliusukuma mlango kwa kiganja, ukaenda. Akauvuta, ukarudi. Akausukuma tena, kwa kidole kimoja.

“Kumbe mwepesi,” alisema. Hakupaza sauti, lakini sote tukamsikia. “Mwepesi hivi. Mwanangu angeufungua kwa mkono mmoja.”

Akabaki pale anausukuma na kuuvuta. Mshereheshaji alimtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akamtazama Mlezi wa Taifa, na Mlezi akaitikia kwa kichwa.

“Makofi kwa mama yetu,” akasema mshereheshaji, “ametuthibitishia kuwa mlango unafanya kazi.”

Tukapiga makofi.